Kompyuta imewaka tangu lini? Namna ya kuusoma muda wake mwenyewe

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Langoni, mjini Lamu, maswali matatu hunirudia kila wiki. La kwanza: "Fundi, mashine naizima kila jioni, mbona inasema ina siku kumi na tisa?" La pili: "Nitajuaje kama stima ilipotea usiku au mashine ilijizima yenyewe?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: "Naweza kujua kijana wangu amefungua duka saa ngapi?" Wote watatu wanatafuta jibu mahali pamoja, kwenye hesabu ambayo kompyuta huianza inapowaka. Hesabu hiyo ni rahisi kuiona. Kuisoma vibaya ni rahisi zaidi.

Kilichonifanya niandike ni mwalimu mmoja aliyekuja na boti kutoka Faza, sipiyu, yaani kisanduku cha kompyuta ya mezani, ameifunga kwa shuka isilowe. Ilikuwa nzito kama jiwe na haikubali kuchapisha. Niliiwasha, nikatazama muda wake: siku 41. Aliniapia kwamba huizima kila siku saa tisa na nusu wanafunzi wakitoka, na alikuwa anasema kweli. Nikaianzisha upya mara moja, ikachapisha. Nauli ya kuja na kurudi na siku nzima ya kazi vilikwenda kwa jambo la dakika mbili. Soma mwongozo huu kabla hujabeba mashine kwenda jeti kupanda boti.

Kabla ya kuanza

Uwe na vitu hivi:

- Mashine yenyewe, ikiwa imewaka, na nywila ya akaunti yako. Nyingi ya hatua hizi hazihitaji akaunti ya msimamizi.
- Kalamu na daftari, au simu ya kupigia skrini picha. Usitegemee kichwa, kwa sababu utahitaji kulinganisha.
- Saa unayoiamini, ya simu inatosha. Tazama kama saa ya kompyuta inakubaliana nayo, tarehe na mwaka pia.

Intaneti haihitajiki. Programu ya kupakua pia haihitajiki, na nasisitiza hili kwa sababu nimesafisha mashine kadhaa zilizoingiwa na takataka kupitia programu za bure za kupima mashine. Windows, Linux na Mac zote zina kipimo chao ndani.

Kwenye Windows

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Kwenye Windows 10, likitokea dogo lenye orodha ya programu peke yake, bofya "More details" chini yake.

2. Fungua "Performance", kisha uchague "CPU" upande wa kushoto. Windows 10 huliweka neno hilo juu kama kichupo. Windows 11 ya karibuni huweka alama ndogo ya mchoro kandoni.

3. Chini ya mchoro tafuta "Up time". Utaona kitu kama 2:06:20:00. Soma kutoka kushoto: siku 2, saa 6, dakika 20, sekunde 0. Hapa ndipo wengi hukosea. Huiona namba ya kwanza wakadhani ni saa, wakasema "imewaka saa mbili tu", kumbe ni siku mbili na robo.

4. Andika tarakimu hiyo pamoja na saa ya wakati huo, halafu toa. Tuseme sasa ni Jumatano, kompyuta inaonyesha 14:05. Rudi nyuma siku mbili: Jumatatu 14:05. Rudi tena saa 6 na dakika 20: Jumatatu 07:45. Hapo ndipo mfumo ulipoanza.

5. Igeuze iwe saa yetu. 07:45 ya kompyuta ni saa mbili kasorobo asubuhi, na 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Usiikimbie hatua hii. Nimewahi kuona ugomvi mzima dukani kwa sababu mwenye duka alisoma 07:45 akasema "saa saba na dakika arobaini na tano", na waliomsikia wakaelewa mchana, baada ya adhuhuri. Ukiandika kwenye daftari, andika saa ya kompyuta na saa ya Kiswahili kando kwa kando.

6. Thibitisha kwa amri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

systeminfo | find "System Boot Time"

Subiri kidogo, itakupa tarehe na saa ya kuanza bila wewe kupiga hesabu. Herufi kubwa ziandike kama zilivyo, la sivyo hutapata kitu. Na iangalie tarehe vizuri: mashine iliyopangwa Kimarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 3/7 ni tarehe saba Machi, si tarehe tatu Julai.

7. Ukitaka muda uliokwisha kuhesabiwa, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, na uandike:

(Get-Date) - (Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).LastBootUpTime

Utapewa mistari mingi. Soma mstari wa Days, wa Hours na wa Minutes, basi. Mistari inayoanza na Total ni muda uleule ulioandikwa kwa kipimo kingine, usiijumlishe juu yake. Kuna amri fupi zaidi, Get-Uptime, lakini PowerShell ya 5.1 inayokuja na Windows haiijui. Inapatikana kuanzia toleo la 6.

Nimeizima, mbona siku hazikurudi sifuri?

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya "Shut down" kwenye mashine nyingi, Windows hufunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kiini cha mfumo hakifungwi. Hukihifadhi kwenye diski kama kilivyo, kwenye faili iitwayo hiberfil.sys, ili asubuhi iwake haraka. Kitu hicho huitwa Fast Startup. Skrini imezimika, feni imenyamaza, hata ukichomoa waya wa ukutani ni sawa; asubuhi mfumo huendelea na safari yake ya jana, na hesabu haikatiki.

"Restart" hufanya kinyume na watu wanavyodhani. Wengi huiona kama kuzima kwa nusu, kumbe ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza upya kabisa. Kwa hiyo mwalimu wa Faza alizima mara arobaini na hakuwahi kuanza upya hata mara moja.

Ukitaka hesabu irudi sifuri, una njia tatu:

1. Bofya "Restart". Hii inatosha kwa mtu wa kawaida.

2. Shikilia Shift huku ukibofya "Shut down", au andika kwenye dirisha jeusi:

shutdown /s /t 0

Hifadhi kazi yako kwanza. Amri hii haisubiri, mashine huanza kuzimika mara moja.

3. Ondoa Fast Startup moja kwa moja. Fungua Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do". Bofya "Change settings that are currently unavailable", hapo utahitaji msimamizi. Toa alama kwenye "Turn on fast startup", uhifadhi. Usipouona mstari huo, mashine yako haitumii mpango huu, huna cha kutoa.

Rai yangu: mashine yenye diski ya SSD, itoe. Sekunde chache utakazopoteza asubuhi hutazihisi. Mashine kuukuu yenye diski ya kuzunguka, iache, lakini uwe na siku moja ya wiki ya kuianzisha upya. Wateja wangu wengi huchagua Alhamisi jioni, kabla ya kufunga kwa ajili ya Ijumaa.

Na kufunika laptopu si kuzima. Inalala tu. Siku zote ilizolala begini huhesabiwa ndani ya muda wa kuwaka, kwa hiyo usishangae laptopu ya kazini kukuambia ina mwezi mzima.

Kwenye Linux na Mac

Hapa ni amri moja tu. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika uptime. Utapata mstari wa namna hii:

14:05:31 up 12 days, 3:18, 2 users, load average: 0.15, 0.22, 0.18

Mwanzo ni saa ya sasa. Kisha siku 12, saa 3 na dakika 18. Namba tatu za mwisho ni mzigo wa kazi kwa wastani wa dakika 1, 5 na 15 zilizopita, hazina uhusiano na muda. Kosa la kawaida ni mashine iliyowaka leo: "up 3:18" ni saa tatu na dakika kumi na nane, si dakika tatu na sekunde.

Kwenye Linux, uptime -p hukuandikia kwa maneno, na uptime -s hukupa tarehe na saa ya kuanza. Ukitaka orodha ya mara zote mashine ilipowaka, andika last reboot, na kama toleo lako halina amri hiyo, journalctl --list-boots. Kwenye Mac, asiyependa terminali anaweza kufungua System Information, sehemu ya "Software", akasoma "Time since boot".

Kuna mafundi wanaojivunia seva, kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, isiyozimwa mwaka mzima. Sikubaliani nao. Masasisho ya kiini cha mfumo kwa kawaida hayaanzi kufanya kazi mpaka uanzishe upya, hivyo seva yenye siku 400 mara nyingi ni seva yenye matundu ya usalama ya siku 400.

Stima au mashine? Linganisha na ruta

Hii ndiyo sehemu ninayotamani kila mtu wa visiwani aijue. Mashine ikikutwa imezimika asubuhi, lawama ya kwanza huenda kwa stima. Pengine ni kweli, pengine sivyo, na ushahidi umekaa ukutani kwako ukimulika taa za kijani: ruta, kile kisanduku cha intaneti.

1. Kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anwani sahihi mara nyingi imebandikwa chini ya ruta, pamoja na jina na nywila ya kuingilia.

2. Tafuta ukurasa wa "Status" au "System", usome "Uptime" au "System Uptime". Usichukue "Connection Uptime", hiyo ni ya laini ya intaneti peke yake, na laini inaweza kukatika bila ruta kuzimika.

3. Linganisha na hesabu ya kompyuta:

- Ruta na kompyuta ya mezani zimeanza kwa pamoja, zikipishana dakika chache: stima ilipotea ikarudi.
- Ruta ina siku nyingi, kompyuta imeanza usiku: stima haikuguswa, tatizo liko kwenye kompyuta au waya wake.
- Ruta imeanza usiku, laptopu ina siku nyingi: stima ilipotea, betri ya laptopu ikaibeba. Hapa laptopu haikuona kitu.

Sharti ni moja. Ruta iwe inapata umeme wa ukutani moja kwa moja, tena kwenye laini ileile ya nyumba. Ukiwa umeiweka kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme stima ikipotea, au kwenye betri ya sola, haitakupa ushahidi wowote kuhusu stima.

Simu ya Android pia huhesabu. Fungua mipangilio, "About phone", na kwa simu nyingine ndani ya "Status", usome "Up time".

Kujua ilizimwaje

Muda wa kuwaka hukuambia lini mfumo ulianza. Namna ulivyokufa kabla ya hapo imeandikwa kwenye kumbukumbu za Windows.

1. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, Enter.

2. Fungua "Windows Logs", kisha "System".

3. Upande wa kulia bofya "Filter Current Log". Penye neno "All Event IDs" andika: 27,41,1074,6005,6006,6008. Bofya OK.

4. Soma kutoka chini kwenda juu, maana ya zamani iko chini.

6006 ni kuzimwa kwa utaratibu. 6005 ni kumbukumbu kuanza kuandikwa baada ya kuwaka. 6008 ni malalamiko ya mfumo kwamba mara ya mwisho ulizimika ghafla, na 41, yenye chanzo Kernel-Power, ni malalamiko hayohayo kwa sauti kubwa zaidi: umeme ulikatika, au mashine iliganda, au mtu alikibana kitufe hadi ikazimika. Hailingani na "stima" moja kwa moja, ndiyo maana unahitaji ruta.

1074 hutaja programu au mtumiaji aliyeomba kuzima au kuanzisha upya. Ifungue uisome kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi mashine iliyojianzisha saa nane za usiku ilikuwa inaweka masasisho.

27 ndiyo ninayoipenda, lakini iangalie safu ya chanzo. Chukua ile ya Kernel-Boot pekee, kwa sababu baadhi ya kadi za mtandao hutumia namba hiyohiyo kwa mambo yao. Ndani yake utasoma aina ya kuwaka: 0x0 ni kuanza kikamilifu, 0x1 ni kuendelea kwa Fast Startup, 0x2 ni kuamka kutoka usingizi mzito wa kwenye diski.

Sasa lile swali la sauti ya chini. Muda wa kuwaka haukuambii kijana kafungua duka saa ngapi. Kama Fast Startup inafanya kazi, hesabu itaonyesha juma lililopita. Tukio la 27 litakupa saa mashine ilipowashwa, na kama ilikuwa imelala, tafuta tukio namba 1 lenye chanzo Power-Troubleshooter, hutaja saa ya kulala na ya kuamka. Lakini hata hizo ni saa za mashine. Kijana anaweza kuwa amefungua mlango saa moja, akafagia baraza, akahudumia wateja watatu kwa daftari, akaiwasha kompyuta saa tatu. Nakuomba kwa dhati usimkate mtu mshahara kwa tarakimu ya kompyuta. Muulize kwanza.

Mambo yakikwama

Amri ya uptime inakataa kwenye dirisha jeusi la Windows. Ni ya Linux na Mac. Rudi hatua ya 6 ya Windows.

systeminfo haijibu kitu. Pengine Windows yako imepangwa kwa lugha nyingine, hivyo maneno "System Boot Time" hayamo. Andika systeminfo peke yake, usome mwenyewe mstari wa muda wa kuanza.

Nimebofya "Restart" na bado siku ni zilezile. Hakikisha iliisha kweli. Programu yenye kazi isiyohifadhiwa huweza kuzuia, skrini ikabaki ikikuuliza, mtu akafunika laptopu akaenda zake. Rudia ukiitazama mpaka ifike kwenye nywila.

Muda wa kuwaka ni mdogo kila siku na hakuna anayeizima. Ukiona 41 nyingi huku ruta ikiwa na siku zake timamu, fungua kifuniko utazame vumbi na feni. Hapa kwetu upepo wa bahari huleta chumvi inayokula viungo vya chuma, na nimekuta mashine zikijizima kwa sababu ya plagi ya waya wa umeme iliyoota kutu nyuma ya sipiyu. Zima, chomoa ukutani, ndipo uguse. Ukiwa huna uzoefu wa kufungua kisanduku cha umeme cha ndani, usikifungue kabisa; huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kumbukumbu zina mwaka wa kale. Stima ikipotea na kurudi, saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma, na matukio yote yanaandikwa tarehe ya uongo mpaka intaneti iirekebishe. Betri ndogo ya kwenye ubao mkuu imekufa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, bapa kama sarafu, ya volti 3. Piga picha kabla ya kuitoa ukumbuke upande ulioandikwa umetazama wapi, weka mpya, kisha ingia kwenye mipangilio ya saa uhakikishe saa za eneo ni za Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Baada ya hapo ianzishe upya, na uanze kuhesabu kuanzia siku hiyo. Yaliyoandikwa kabla yake usiyatumie kumshutumu mtu wala stima.